Injini ya Shanti na Gunia la Kahawa la Oldeani

Nakusalimu wewe wa Karatu mjini, wa Rhotia na wa Oldeani, wewe wa mashamba ya vitunguu kule Mang'ola, na wewe uliye Endulen au Nainokanoka, unayenisikiliza huku mifugo ikiingia bomani.

Jioni hii nataka tuzungumze habari za reli. Najua wapo watakaouliza, Karatu na reli wapi na wapi? Hapa kwetu halijawahi kulazwa taruma hata moja. Anayetaka kuona treni sharti ateremke ukuta wa Bonde la Ufa, apite Mto wa Mbu na Makuyuni, aingie Arusha, mwendo wa kilomita 140 na ushei. Ni kweli kabisa. Lakini kwa miaka mingi mazao ya udongo huu mwekundu yaliyokwenda ng'ambo yalisafiri kwa reli, na kabla treni haijaondoka stesheni yalipitia kwenye kazi ya mashine moja ndogo ambayo watu hawaisimulii. Watu husimulia injini kubwa, zile zenye moshi mrefu na honi ya kusikika kijiji cha pili. Mimi leo nataka kuisimulia ile ndogo, injini ya shanti.

Shanti ni kazi ya kupanga mabehewa. Treni ya mizigo haijipangi yenyewe. Chukua stesheni yoyote yenye njia kadhaa. Behewa la kahawa limesimama njia moja, la mkonge njia nyingine, behewa tupu linalosubiriwa na mwenye mahindi limezibwa nyuma ya mengine sita, na kuna moja bovu linalotakiwa karakana. Yote hayo lazima yavutwe, yasukumwe, yaachanishwe na kuunganishwa upya, mpaka yale yanayokwenda mbali yawe pamoja, na yale ya kuachwa njiani yakae mahali ambapo yatakatwa bila kuvuruga mengine. Kazi hii huchukua saa nyingi, mara nyingi usiku, na haimsogezi abiria hata hatua moja. Ikikosekana, hakuna treni itakayotoka.

Wajerumani waliiheshimu kazi hiyo kiasi cha kuitengenezea mashine yake. Kuanzia mwaka 1882 reli za dola ya Prussia zilitumia injini iliyoitwa T 3, kwa njia ndogo za mashambani na kwa shanti, na zilitengenezwa zaidi ya 1,300. Baadaye, kuanzia mwaka 1927, shirika la reli la Ujerumani lilitoa aina nyingine iliyopewa namba 80. Hizi zilikuwa 39 tu, na zilipangiwa stesheni kubwa kubwa, hasa Leipzig na Köln. Leipzig ni stesheni ambayo njia zinakomea ndani. Treni ikiingia, injini yake inabaki imebanwa kule mwisho, haina pa kupita. Ndipo inakuja hii ndogo, inashika mabehewa kwa nyuma, inayatoa, na kubwa inapata njia ya kutoka. Asubuhi mpaka usiku kazi ni hiyo hiyo.

Tuitazame kwa karibu hii namba 80, kwa sababu umbo lake lina akili nyingi. Ina magurudumu sita tu, jozi tatu, na jozi zote zimeunganishwa kwa vyuma vya pembeni ili zisukume kwa pamoja. Hakuna gurudumu hata moja la kusindikiza. Kipenyo cha kila gurudumu ni mita 1.1. Injini za abiria za mwendo kasi za wakati huo huo, zile za namba 01, zilikuwa na magurudumu ya kusukuma yenye kipenyo cha mita 2. Gurudumu kubwa linakula umbali kwa kila mzunguko, gurudumu dogo linatoa nguvu ya kuanza kuvuta. Injini ya shanti huanza kuvuta na kusimama mara nyingi mno kwa siku, kwa hiyo ilipewa nguvu, na mwendo wake ukaishia kilomita 45 kwa saa.

Halafu kuna maji. Injini ya safari ndefu hukokota nyuma yake kibehewa cha maji na makaa. Hii haina kibehewa hicho. Matangi yake yamelazwa ubavuni mwa boila, kulia na kushoto, kama madumu kwenye mgongo wa punda wa Mang'ola, na makaa yako nyuma ya chumba cha dereva. Faida ya kwanza ni kwamba inakwenda mbele na nyuma kwa urahisi ule ule, haihitaji lile jukwaa la duara la kugeuzia injini, na dereva anaona vizuri pande zote mbili. Faida ya pili imejificha zaidi. Uzito wa maji unayakandamiza magurudumu kwenye reli, nayo yanashika. Chuma juu ya chuma huteleza kwa urahisi, hasa asubuhi penye umande, ndiyo maana injini hubeba pia mchanga mkavu wa kumwaga mbele ya magurudumu. Maji yakipungua, uzito unapungua, na dereva mzoefu anahisi mshiko ukilegea. Hasara yake ni kwamba maji hayo ni machache na yanaisha mapema. Lakini stesheni bomba la maji haliko mbali, kwa hiyo hasara hiyo haikuwa na makali. Kila mashine ina mahali ambapo udhaifu wake hauumizi, na waliobuni hii walipajua mahali hapo.

Sasa tuje Tanga. Kampuni ya kujenga reli ya Usambara iliundwa mwaka 1891, ujenzi ukaanza mwaka 1893, fedha zikaishia njiani, na mwaka 1899 serikali ya kikoloni ya Wajerumani ikaichukua. Reli ilifika Korogwe mwaka 1902, Mombo mwaka 1905, na Moshi mwaka 1911. Kutoka Tanga hadi Moshi ni kilomita 352, na iliwachukua miaka 18. Tusisahau mgongo uliobeba kazi hiyo. Tangu mwaka 1898 serikali ya Wajerumani ilitoza kodi ya nyumba, na aliyekosa hela aliitafuta kwa kufanya kazi ya mzungu. Matuta ya udongo unayoyaona ukisafiri kwa treni leo yalijazwa kwa majembe na vikapu vya watu hao.

Injini nyingi za mwanzo za njia ile zilikuwa za ukoo huu wa matangi. Sababu zake unaweza kuzikisia. Reli ilikuwa nyembamba, upana wa mita 1. Kona zilikuwa kali. Koloni halikutaka kutumia fedha kwenye majukwaa ya kugeuzia katika kila stesheni ya porini. Na kuni zilikuwa karibu, kwa hiyo mahali pengi ziliingia kuni badala ya makaa, na misitu ya kandokando ya reli ikalipa gharama hiyo. Mashine ambayo kwao Ulaya ilikuwa ya kupanga mabehewa, kwetu ilivuta treni nzima na kupanga mabehewa pia.

Vita vilipokuja, umuhimu wake ukaonekana kwa namna nyingine. Mwanzoni mwa Novemba 1914, Waingereza walipoteremsha askari wao Tanga wakitoka India, von Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani, aliwashusha askari wake kutoka upande wa Moshi kwa treni, wakafika kwa wakati na kushinda. Vitabu vya vita humtaja yeye. Lakini ili askari wapande treni saa ya dharura lazima kuna mtu aliyeyakusanya mabehewa, akayaunganisha, akaipa injini maji na kuni. Hao hawana majina vitabuni, na wengi wao walikuwa Waafrika.

Na huku kwetu, wakati reli inapanda kutoka Tanga, hali ilikuwaje? Oscar Baumann alishafika kwenye kreta ya Ngorongoro mwaka 1892, Mzungu wa kwanza kuiona. Baadaye, kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, Mjerumani Adolf Siedentopf alikuwa na shamba la mifugo ndani ya kreta, kwenye malisho ambayo Wamasai waliyajua vizazi kwa vizazi kabla yake, na mabaki ya nyumba yake bado yapo upande wa mto Munge. Mwaka 1911 Mjerumani Kattwinkel alipita Oldupai akaokota mifupa ya kale, na mwaka 1913 mwanajiolojia Hans Reck akaja na msafara mzima kuchimba. Stesheni ya karibu zaidi ndani ya koloni wakati huo ilikuwa Moshi. Kwa hiyo msumari wa bati, bunduki, kreti ya mifupa, kila kitu cha kwenda au kutoka huku kilikuwa na safari ya siku nyingi kabla ya kukutana na reli. Na safari hiyo ilikuwa juu ya kichwa cha mpagazi. Nikisoma habari za misafara ile, ninachokitafuta ni wapagazi, na ni nadra kuwakuta wakitajwa kwa zaidi ya idadi yao.

Mambo yalibadilika mwaka 1929 reli ilipofika Arusha. Wakati huo utawala ulikuwa wa Waingereza, lakini huku Oldeani walowezi wengi katika miaka hiyo walikuwa Wajerumani, wakipanda kahawa kwenye miteremko ya mlima. Vita vya pili vilipoanza mwaka 1939 waliwekwa kizuizini na mashamba yao yakachukuliwa na serikali kama mali ya adui. Kahawa haikuondoka. Mibuni mnayoiona leo pande za Oldeani imekaa kwenye ardhi yenye historia hiyo.

Basi lifuate gunia moja la kahawa la miaka ya 1930. Kahawa yake imevunwa na kibarua, imemenywa, imeoshwa na kuanikwa. Linapakiwa kwenye lori. Barabara si lami. Mvua za masika zikiwa zimenyesha, udongo wa Karatu unakuwa mlenda, na aliyewahi kukwama Rhotia hahitaji kuelezwa. Lori linashuka ukuta wa Bonde la Ufa kwa gia ndogo, linavuka tambarare, na siku hiyo au ya pili yake linafika stesheni ya Arusha. Hapo gunia linaingia katika behewa.

Na hapo ndipo pa kusimama kidogo, kwa sababu watu wengi wanadhani safari ya reli inaanza treni inapopiga honi. Behewa letu limejaa, limefungwa, lakini limesimama kwenye njia ya kupakilia. Inakuja injini ya shanti, kinyumenyume, taratibu. Mbele yake anatembea mtu mwenye bendera mchana, taa usiku. Mwingine yuko kwenye mtambo wa kugeuza njia, ameweka uzito wa mwili wake wote kwenye mpini. Dereva amechungulia nje, mkono mmoja kwenye mpini wa mvuke, mwingine tayari kwa breki, macho kwa mwenye bendera. Anayeunganisha anasubiri kando mpaka vyuma vigusane, kisha anaingia katikati ya behewa na behewa. Hapo ndipo watu walipoteza vidole, na wengine maisha. Dereva akizidisha mvuke kidogo tu, behewa linagongwa, magunia yanapasuka, au mtu anabanwa. Ustadi wa dereva wa shanti uko hapo, katika kuzigusisha tani nyingi za chuma kwa upole. Ni ustadi ambao abiria hauoni, kwa sababu ukifanyika vizuri hakuna kinachotokea.

Safari inaendelea hadi Tanga, na kule mwisho wa reli kazi ile ile inarudiwa. Meli kubwa zilitia nanga mbali na gati, mizigo ikipelekwa kwa matishari. Mabehewa yalisogezwa karibu na maji kwa zamu, la kahawa likishushwa linaondolewa, la mkonge linaletwa. Likichelewa behewa moja, tishari linasubiri, meli inasubiri, na muda wa meli ni fedha. Bandari ya Tanga ilikuwa na sifa kwa sababu ya mkonge, na mkonge ulifika kwenye maji kwa kusukumwa behewa moja baada ya jingine.

Baada ya reli za nchi zetu tatu kuunganishwa mwaka 1948 chini ya shirika moja la Afrika Mashariki, wazo la injini maalumu ya shanti halikufa. Miaka ya mwanzo ya 1950 shirika liliagiza injini 18 za matangi kutoka kampuni ya North British ya Glasgow, zikapewa daraja la 13, kwa kazi hiyo. Zilikuwa kubwa kuliko zile za Kijerumani, lakini akili yake ni ile ile ya kubeba maji yako mwenyewe na kwenda mbele na nyuma. Baadaye zikaja za dizeli. Anayetaka kuona injini za mvuke za Afrika Mashariki kwa macho yake leo, aende Makumbusho ya Reli ya Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka 1971. Nawapongeza wenzetu wa Kenya kwa hilo, nami natamani kuona Tanga ikipewa heshima kama hiyo, kwani ndiko reli ya nchi hii ilikoanzia.

Na wafanyakazi wa mabehewa hawakukaa kimya miaka yote. Mgomo mkubwa wa reli wa mwaka 1960, chama chao kikiongozwa na Kasanga Tumbo, ulionyesha kwamba treni haisimamishwi na dereva peke yake. Mtu wa bendera, mtu wa mpini na mchocheaji wa moto wakikunja mikono, mabehewa yanalala yalipo.

Kwa nini nimekusimulia haya yote, msikilizaji? Kwa sababu reli inazungumzwa tena. Treni ya abiria ilirejea Moshi Desemba 2019, na Arusha ikaipata Oktoba 2020 baada ya miaka mingi ya kimya. Tangu mwaka 2024 treni ya umeme inakwenda kati ya Dar es Salaam na Dodoma. Na mpango wa reli ya kutoka Tanga kupitia Arusha hadi Musoma umesemwa kwa muda mrefu. Hata Wajerumani walipoanza Tanga walikuwa na ndoto ya kufika Ziwa Viktoria. Ukisikiliza mazungumzo hayo utasikia urefu wa njia, kasi ya treni, na mabilioni ya shilingi. Mara chache sana utasikia mtu akiuliza mzigo utapangwa wapi.

Mimi naona hilo ndilo swali letu sisi wa Karatu. Kasi ya treni haitamsaidia mkulima wa vitunguu wa Mang'ola kama hakuna mahali karibu pa kushushia lori lake, pa kupimia, pa kuhifadhi mzigo usioze, na pa kuunganisha behewa lake na treni inayopita. Vitunguu havisubiri. Mbaazi, ngano na kahawa vinaweza kusubiri siku kadhaa, lakini mkulima mwenye ada ya shule ya kulipa hasubiri. Reli ya mizigo bila yadi ya kupakilia inayofikika ni reli ya kuitazama ikipita. Na yadi yenyewe bila watu waliofundishwa shanti na bila injini ya kutosha ya kazi hiyo itageuka uwanja wa mabehewa yaliyokwama.

Tena tuliseme wazi jambo la ardhi. Sisi tunaishi kati ya mashamba na hifadhi. Hakuna anayetaka njia ya treni ikatize mapito ya nyumbu au ipande kwenye kingo za Ngorongoro, na hakuna haja. Yadi inaweza kukaa chini ya ukuta wa Bonde la Ufa au Arusha, lami ya kutoka Makuyuni hadi lango la Ngorongoro tunayo, na lori likafanya sehemu yake kama lilivyofanya miaka ya 1930, safari hii bila kukwama kwenye matope.

Kwa hiyo ninawaomba madiwani wetu, mbunge wetu na vyama vyetu vya ushirika. Siku mtakapoitwa kutoa maoni juu ya reli, msianze na kasi wala urefu. Ulizeni yadi ya mizigo itakuwa wapi, itakuwa na njia ngapi za kupakilia, behewa la mkulima mdogo litachukua siku ngapi kabla ya kuunganishwa, na nani atafundisha vijana wetu kazi hiyo. Yaandikeni majibu. Na wewe msikilizaji ambaye baba au babu yako alifanya kazi ya shanti Arusha, Moshi au Tanga, kaa naye umwulize alivyokuwa akifanya, uyaandike pia, kwa sababu wanaoijua kazi ile kwa mikono yao sasa ni wazee sana.